Kivuli cha Upande wa Kaskazini: Wasifu wa Dada Yetu Mkubwa, Mchoraji wa Madarasa

Wasifu huu umepangwa kama marehemu alivyopenda mambo yapangwe: tarehe kwanza, kisha mahali, kisha jambo lenyewe, na maoni mwishoni kama nafasi itabaki. Umetokana na madaftari yake ishirini na moja, pamoja na kumbukumbu za walioishi naye. Palipo na shaka, shaka imeandikwa.

Dada yetu mkubwa alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili, chumba cha kona. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yetu alikuwa mtu wa bendera na taa za ishara pale stesheni, na mama yetu alikuwa mshonaji. Nyumba haikuwa na umeme. Mama alishona kwa mwanga wa jua tu, kwa hiyo cherehani haikukaa mahali pamoja. Asubuhi iliwekwa kwenye dirisha la chumbani, saa nne ikahamia sebuleni, mchana ikatolewa kizingitini, na jioni ikawekwa karibu na mlango wa uani. Kiti na kikapu cha nyuzi vilibebwa na binti wa kwanza. Alipofika miaka sita alianza kuhamisha kiti kabla hajaambiwa. Mama akamuuliza, “Nani kakwambia tunahama?” Akajibu, “Uzi mweusi umeanza kupotea kwenye kitambaa cheusi.” Mama alikisimulia kisa hiki kwa kila mteja, mpaka wateja wakawa wanakimalizia wenyewe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 katika shule ya msingi iliyokuwa ng’ambo ya reli, na akamaliza mwaka 1975. Daftari lake la darasa la sita tunalo. Ndani yake kuna mchoro wa darasa lenyewe, umepigwa rula, na juu ya kila dawati ameandika anayekaa hapo. Pembeni ameandika: “Huku hatuoni ubao baada ya saa saba.” Mwalimu alimpa sifuri, kwa sababu somo lilikuwa jiografia na alikuwa ameambiwa achore mto. Alisoma sekondari ya bweni kuanzia 1976 hadi 1979, akafanya vizuri katika hesabu na vibaya katika uimbaji, kama sisi sote nyumbani. Kuanzia Januari 1980 hadi Novemba 1982 alisoma uchoraji wa ramani za majengo katika chuo cha ufundi. Walikuwa wanafunzi arobaini na mmoja, wasichana watatu. Huko chuoni aliazima kitabu kimoja kuhusu jua na majengo, kilichoandikwa na watu wa nchi za baridi, akanakili sura tatu nzima kwa mkono. Kinatajwa hapa kwa sababu kilikuja kumponza.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Januari 1983, katika ofisi ya majengo ya shule. Ofisi ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza, chenye meza sita za kuchorea na dirisha moja lililokuwa halifunguki. Miaka mitatu ya mwanzo kazi yake ilikuwa kunakili ramani za wengine. Mnamo Oktoba 1986 mhandisi mkuu wa ofisi alimwita, akampa kazi ambayo wachoraji wakubwa waliikwepa: jengo la madarasa manne kwa ajili ya shule zisizo na umeme. Kusingekuwa na taa wala feni. “Chora kitu ambacho mtoto anaweza kukaa ndani yake bila kusinzia,” ndivyo mhandisi alivyomwambia, na ndivyo alivyoandika kwenye daftari namba tatu.

Aliichukulia kazi ile kama amri. Alichora madirisha katika kuta zote mbili ndefu, yakitazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kuta fupi alizielekeza mashariki na magharibi na kuziacha bila madirisha, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge tofali tupu. Alipandisha dari, akaacha matundu chini ya mgongo wa paa ili hewa ya moto, ambayo hupanda, ipate pa kutokea. Alitaka bati lipakwe rangi nyeupe. Akaandika kwamba kuta za ndani zipakwe chokaa kila mwaka, kwa sababu ukuta mweupe hurudisha mwanga mpaka dawati la nyuma. Wenzake walimtania. Mmoja alimwambia, “Dada, wewe unajenga darasa au unafuga hewa?” Akajibu kwamba hewa haifugiki, ndiyo maana anaifungulia mlango.

Baraza ndilo lililobaki. Kila jengo lingepata baraza moja pana la kuzuia jua lisiingie madirishani, na lazima aamue liwe upande gani. Alisimamisha fimbo ya mita moja katika uwanja wa nyuma wa ofisi, tarehe 15 Oktoba 1986, na kila saa ya kazi alishuka ngazi kwenda kupiga alama mwisho wa kivuli chake. Aliendelea hivyo hadi tarehe 14 Februari 1987. Siku zote hizo za miezi minne kivuli cha mchana kilielekea kaskazini, maana yake jua lilikuwa kusini. Kitabu cha nchi za baridi nacho kilisema jua la mchana liko kusini. Fimbo na kitabu vilikubaliana, naye akaridhika. Akaweka baraza kusini. Upande wa kaskazini aliupa ukingo mfupi wa paa, sentimita thelathini, wa kumwaga maji ya mvua tu.

Ramani ilipitishwa Aprili 1987. Ilisifiwa. Shule ya kwanza ilianza kutumia jengo hilo Januari 1988, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu ramani ile ile ilitumika katika shule nyingine sita.

Waliokaa sehemu hizi wanajua, ingawa wengi wetu hatujawahi kulitazama, kwamba jua la mchana halikai upande mmoja wa utosi. Nusu ya mwaka hupita kusini, nusu nyingine hupita kaskazini. Marehemu alilipima katika nusu moja tu.

Alikuja kulijua hilo Jumatatu, tarehe 19 Juni 1989, alipotumwa kukagua nyufa katika ile shule ya kwanza. Aliingia darasa la tatu katikati ya somo akakuta madawati yote yamesukumwa upande wa kusini, yamepandana, na nusu ya sakafu iko wazi, imejaa jua. Mazungumzo yaliyofuata aliyaandika siku ile ile, nasi tunayanukuu kama yalivyo.

“Mwalimu, mbona wamebanana hivi?”

“Dada, sisi hapa tunahama. Saa mbili tunaanzia kule dirishani. Saa nne tunasogea katikati. Ikifika saa nane tuko ukutani, wengine wamekaa juu ya wenzao.”

“Tangu lini?”

“Tangu Aprili. Na mwaka jana vivyo hivyo. Aliyechora jengo hili nadhani alikuwa na nyumba yake nzuri, akasahau kwamba na sisi tuna vichwa.”

“Aliyechora ni mimi.”

Mwalimu aliweka chaki chini. Kisha, kwa maneno ya marehemu mwenyewe, “akaniletea kiti, akakiweka juani, akaniomba nikae mpaka kengele.” Alikaa. Dakika thelathini na tano. Kipimajoto alichokuwa nacho kilionyesha nyuzi thelathini na nne.

Aliporudi ofisini alimwandikia mhandisi barua ya ukurasa mmoja, tarehe 22 Juni 1989, akieleza kwamba madarasa ya shule saba yanaungua nusu ya mwaka, kwamba kosa ni la ramani, si la mafundi, na kwamba ramani ni yake. Aliomba shule zote saba ziongezewe kivuli upande wa kaskazini. Mhandisi alimwita ndani.

“Binti, unajishtaki kwa nani? Hakuna aliyelalamika.”

“Wanafunzi wamelalamika, mzee.”

“Kwa barua?”

“Kwa madawati.”

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshapeleka taarifa juu kwamba ramani ile ni mfano wa kuigwa, na hakuona njia ya kuirudisha. Aliweka barua katika droo. Septemba mwaka ule marehemu alihamishiwa masjala, kutunza mafaili, na meza yake ya kuchorea akapewa mwingine. Baba yetu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, alimuuliza kama hakuona ni heri angenyamaza. Alimjibu, “Baba, wewe ungeonyesha ishara ya njia nyeupe, kisha ukumbuke kuna treni imesimama mbele, ungenyamaza?”

Miaka yake minne ya masjala haikupotea. Humo ndani ndimo alimopata faili la kila shule kati ya zile saba: nani alijenga, bati za urefu gani, mbao za aina gani, udongo ukoje. Aliyanakili yote. Kuanzia hapo madaftari yake yana ukurasa wa kwanza unaofanana: mistari saba, ya shule saba, na mbele ya kila mstari nafasi ya tarehe. Kuzijaza nafasi hizo ndilo jambo alilolitaka kuliko cheo. Kuna waliomwona ana kichaa kidogo. Likizo yake ya kila mwaka aliimalizia katika madarasa ya watu, ameshika kipimajoto, na ndipo watoto wa shule walipompa jina la Mama Kipimajoto, ambalo mafundi walilidaka na ambalo baadhi yenu hapa ndilo pekee mnalomjua kwalo.

Ndoa yake nayo ilitokea humo humo. Agosti 1990 wazazi wa ile shule ya kwanza walitoa mbao na bati za kuongeza baraza la kaskazini, wakamleta fundi wa paa. Marehemu, akiwa likizoni, alimtaka atoe paa nje mita moja na nusu. Fundi alishuka ngazi taratibu.

“Dada, ukilitoa bati hivyo bila nguzo, upepo ukija utalivua jengo zima kama kofia.”

“Basi weka nguzo.”

“Nguzo zimo kwenye ramani?”

“Nipe penseli yako.”

Alizichora palepale, juu ya ubao wa kenchi ya paa, na vipimo vyake. Fundi alivisoma, akasema vipimo viko sawa ila nguzo ya tatu itaziba mlango. Ilikuwa kweli. Marehemu alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua amepata mtu wa kumkagua. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1992. Shemeji yetu hupenda kusema kwamba alioa ramani, mke akaja kama nyongeza. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1994 na mwana mwaka 1997. Nyumba yao waliijenga wenyewe, vyumba vitatu, paa jeupe, na haijawahi kuhitaji feni. Shemeji alilipaka paa lile mara nane katika miaka ya ndoa, na kila mara mkewe alikuwa chini akimwonyesha alipoparuka.

Mwaka 1993 mhandisi wa zamani alistaafu. Aliyekuja nyuma yake alikuta barua katika droo, akaisoma, akamwita marehemu na kumuuliza swali moja tu: “Umeshafika shule ngapi?” Akajibu, “Moja.” Wiki iliyofuata alirudishiwa meza. Kuanzia hapo alifanya kazi ya kuchora hadi alipostaafu, tarehe 14 Agosti 2021. Aliandika mwongozo wa kurasa nane kwa wajenzi wa shule, unaosema mambo yote yaliyotajwa hapa juu kuhusu madirisha, dari na matundu, na ambao kanuni yake ya kwanza ni kwamba fimbo ya kupimia jua isimame mwaka mzima kabla mtu hajachora mstari. Ofisi inautumia hadi leo. Shule zilizojengwa kwa kuufuata, kwa hesabu yake, ni thelathini na nne. Hakupenda kuzungumza juu ya hizo. Ukimsifia alisema, “Hizo ziko salama. Tuzungumze zile saba.”

Zile saba hazikutibiwa zote kwa njia moja. Ya pili, mwaka 1994, ilipata baraza kama ya kwanza. Ya tatu, mwaka 1996, ardhi upande wa kaskazini ilikuwa na mteremko, nguzo zisingesimama, ikawekewa mbao nyembamba zilizolazwa nje ya madirisha kama ngazi, zinazozuia jua na kupitisha upepo. Ya nne, mwaka 2001, ilipandiwa miti, na hapo alikosea tena. Miti ilipandwa karibu mno, na baada ya miaka mitatu darasa lilikuwa poa lakini watoto walisoma kwa kukodoa macho. Alikwenda mwenyewe na msumeno, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akakata matawi yote ya chini. Katika daftari aliandika: “Nimewapa giza nikidhani ni kivuli.” Ya tano ilikamilika 2003, ya sita 2009.

Ya saba ilimchukua miaka kumi na minne peke yake. Mwalimu mkuu wa pale hakutaka. Ukuta wa kaskazini ulikuwa ndio unaoonekana na mgeni anapoingia getini, umeandikwa jina la shule kwa herufi kubwa za bluu, naye alisema baraza litalificha jina. Zaidi ya hapo alikuwa na msimamo wake.

“Mama, watoto wa siku hizi wanapenda raha. Sisi tulisoma juani na tumefika.”

“Sawa, mwalimu. Wewe siku hizi unafundisha darasa gani?”

“Sifundishi. Nina ofisi.”

“Ofisi iko upande gani?”

“Kusini.”

Marehemu alifunga daftari. Alikuwa na subira ya mtu anayesubiri wino ukauke. Kila Juni alikwenda, akapima, akamwachia mezani karatasi yenye namba nne, za vyumba vinne, akaaga. Hakuandika juu yake kwa wakubwa, ingawa angeweza. Tulipomuuliza kwa nini, alisema mtu aliyelazimishwa kujenga kivuli atakiondoa siku ukigeuka. Hatimaye Juni 2023 walimu wawili waliugua pamoja, na mwalimu mkuu akalazimika kufundisha hesabu darasa la nne kipindi cha mchana. Alianza Jumatatu. Jumatano, saa nane na nusu, alitoka nje na kitambaa kichwani akapiga simu. Hakusalimia. Alisema, “Mama, leta hiyo ramani yako.”

Wakati huo marehemu alikuwa ameshaanza kuumwa. Figo zake zilikuwa zinapungua nguvu tangu Februari 2022, na kuanzia Oktoba 2023 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kwa sababu hiyo kazi ya shule ya saba ilichelewa. Alichora baraza akiwa kitandani, akiwa ameegemeza ubao juu ya magoti, na jina la shule akalihamishia juu ya nguzo za mbele, herufi zile zile za bluu. Alilazwa mara tatu. Katika wodi alimwomba muuguzi ageuze kitanda kwa sababu jua la jioni lingemfikia mgonjwa wa jirani, ambaye hakuweza kujigeuza. Muuguzi alimuuliza, “Mama, wewe ni mgonjwa au mkaguzi?” Akajibu, “Vyote viwili, mwanangu. Na dirisha lenu lile, la juu, lifungueni, ndilo linalofukuza joto.” Lilifunguliwa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na kumvumilia.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024 alirudi nyumbani, akaomba asirudishwe tena hospitali. Familia ilikaa, ikakubali. Aliuliza jambo moja tu kila asubuhi, nalo ni paa la shule ya saba limefika wapi. Shemeji, ambaye wazazi wa shule ile walimpa kazi hiyo pamoja na mafundi wawili, hakutaka kumwacha. Ni safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi. Alimwambia mkewe mbele yetu, “Nitamtuma mtu.” “Umenifanyia sita,” alisema marehemu. “Ya saba utamtuma mtu?” Akaenda. Bati la mwisho liligongwa Jumamosi, tarehe 18 Mei.

Jumanne, tarehe 21 Mei, shemeji alikwenda kupima, akarudi mapema, amefurahi. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

“Nyuzi ishirini na tano, mama watoto.”

“Ulipima saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Saa nne hata tanuri la mikate limepoa.”

“Nilikuwa nawahi kurudi kwako.”

“Mimi siendi popote kwa miguu hii. Rudi, baba watoto. Saa nane na nusu. Watoto wote wawe ndani, mlango wazi. Darasa tupu halina joto la watu.”

“Kesho?”

“Kesho wana mtihani, usiwasumbue. Nenda Alhamisi.”

Alhamisi, tarehe 23 Mei 2024, shemeji aliondoka saa tano asubuhi. Aliondoka shingo upande. Alirudi mara mbili kutoka getini, mara ya kwanza kuchukua kipimajoto, mara ya pili hakusema amesahau nini. Marehemu alikunywa uji kidogo, akaomba pazia lisogezwe, akalala. Alifariki saa saba na dakika kumi mchana, kwa utulivu, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi tisa na siku tisa.

Binti yake alichukua simu ili kumpigia baba. Mdogo wa marehemu, anayesoma maneno haya, alimwomba asubiri mpaka saa tisa. Kama kuna wa kulaumiwa kwa hilo ni yeye, na shemeji ameshaelezwa.

Saa tisa kasoro robo simu iliita yenyewe, akaipokea yule mdogo. Alikuwa shemeji, yuko uwanjani pamoja na watoto, sauti zao zinasikika. Alisema, “Shemeji, mwambie ishirini na nane na nusu. Mwambie walikuwa arobaini na sita, mlango wazi, na madawati yako kila upande.” Akajibiwa, “Nimeandika.” Kisha akaambiwa.

Tangu Ijumaa mstari wa saba umejazwa. Ameujaza shemeji mwenyewe, kwa penseli ya fundi, na amekataa kuupitishia wino.

Marehemu ameacha mume. Binti, ambaye ni muuguzi, na mkwe wake. Mwana, ambaye ni mpima ardhi. Wajukuu wawili, wa kike na wa kiume. Wadogo zake wawili. Shangazi mmoja, dada wa baba, ambaye umri umemzuia kufika leo. Wifi na mashemeji. Wachoraji aliowafundisha kazi. Na mafundi wengi waliobishana naye wakiwa juu ya ngazi. Baba na mama walimtangulia, baba mwaka 1998, mama mwaka 2006.

Maoni, kwa kuwa nafasi imebaki: alikosea akiwa kijana, akarekebisha, akaishi vizuri.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu, na ampe pumziko lisilo na haraka.